Gunia la Wifi

Mama yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi cherehani wengi, ana uongo mmoja tu: kesho. "Njoo kesho," humwambia mteja. Mteja akija hiyo kesho, hukuta kitambaa chake kimekunjwa vilevile alivyokileta. Mama humpa kiti, humpa maji ya kunywa, humuuliza habari za nyumbani, kisha humsindikiza hadi mlangoni. "Kawia ufike, mwanangu. Njoo kesho." Sijawahi kuona mtu akiondoka pale amekasirika kweli. Nguo za mama zikishatoka hukaa mwilini sawasawa, na isitoshe, wanawake wengi hawakuwa wakija kwa ajili ya nguo peke yake.

Walikuja pia kwa dawa ya bibi. Bibi mzaa mama alimwachia mama cherehani ya mkono na ujuzi wa mzizi mmoja mwekundu, ambao ukichemshwa hutoa maji ya rangi ya kutu, machungu kiasi kwamba ukiyameza masikio yanacheza. Mwanamke aliyetafuta mtoto akakosa alipewa chupa moja, anywe kidogo kidogo asubuhi na jioni mpaka iishe. Ikiisha alirudi kuomba nyingine. Na watoto walipatikana. Si kwa wote, mama mwenyewe hakudai hivyo, lakini kwa wengi. Wa kwanza kujua alikuwa mama, maana futi yake ya kupimia haikufichwa kitu. Aliizungusha kiunoni mwa mteja, akanyamaza, akaizungusha tena, halafu akasema, "Hongera." Baadhi yao walikuwa hawajajua wenyewe.

Sasa, mganga hajigangi. Katika familia hiyohiyo iliyogawa watoto mtaa mzima, aliyekosa mtoto alikuwa mke wa kaka yangu.

Wifi yangu anaendesha basi la shule. Ni mwanamke mpana wa mabega, sauti yake inafika kiti cha nyuma kabisa bila msaada wa chombo chochote, na watoto wote wanamwita Mama Basi. Kando ya gia huweka chupa ya chai, ila siku zile ndani yake hamkuwa na chai. Ilikuwa dawa ya bibi, ya moto, aliyokunywa asubuhi akishamshusha mtoto wa mwisho shuleni, na tena mchana akishawarudisha wote makwao. Aliianza mwaka wa kwanza wa ndoa, na sasa ndoa ilikuwa imeota ndevu. Siku zake zilikuwa zikipotea, anafurahi, anaenda kupima, hakuna kitu. Kila zilipopotea aliamini dawa imekaribia kufanya kazi. Kaka hakuwa na neno, alimpenda hivyohivyo. Wifi ndiye aliyekuwa akijila mwenyewe kwa ndani. Na miezi ya karibuni alikuwa amekonda, chakula hakimwingii, anajikuna mikono mpaka inatoka alama, akituambia ni joto la injini.

Mimi na yeye tulitaniana kama mawifi wanavyopaswa. Nilimwambia kwamba kaka yangu angeweza kupata mke anayejua kupika; alinijibu kwamba panya wangu wana adabu kuliko mimi. Lakini utani una mpaka, na mpaka wetu ulikuwa ile chupa kando ya gia. Hiyo hatukuigusa.

Panya alionisimanga nao ni wa kazini. Nafanya kazi kwenye maabara ya chuo, kwenye chumba cha panya weupe, ambako tunachunguza dawa za mimea. Nimezaliwa na udadisi, ugonjwa ambao bibi hakuuachia dawa. Kwa miaka nilikuwa nikitamani kujua dawa yake inafanyaje kazi ndani ya mwili wa mwanamke. Kama inafanya kazi au haifanyi, hilo sikuwa na shida nalo. Ushahidi ulikuwa ukicheza mpira mtaani. Siku moja nikamwambia mkuu wangu, mtaalamu ambaye sisi tunamwita Mizani, si mbele yake, kwa sababu hupima kila kitu kabla ya kukiamini, pamoja na maneno ya watu.

"Leta huo mzizi," akasema. "Tujue kwanza kama inafanya kazi. Inafanyaje, tutauliza baadaye."

Maneno hayo yalinichoma, lakini nilikwenda kwa mama. Alicheka mpaka akashika meza ya cherehani. "Panya nao wanatafuta watoto? Si wanazaa bila hata kuombwa?" Hata hivyo alinipa fungu la mizizi. Tuliisaga, tukaichemsha, tukaichuja, tukayakausha maji yake mpaka ukabaki unga wa kahawia. Panya jike wa kizimba cha kwanza walipewa maji matupu. Wa kizimba cha pili walipewa dawa.

Jambo la kujua panya jike yuko tayari kushika mimba au la si gumu, na kwangu ni zuri kutazama. Kila asubuhi unachukua tone la majimaji yake ya uke, unalipaka kwenye kioo, unaliweka chini ya hadubini. Akiwa tayari, utaona seli kubwa zilizokunjamana kama majani makavu. Akiwa amefunga, utaona vidoti vidogo vimejazana. Panya mzima hupita majani, hupita vidoti, hurudi kwenye majani, siku chache tu mzunguko umekamilika. Mimi nilikuwa nikisubiri majani yafurike kwenye kizimba cha dawa. Nilikuwa hata nimeshatunga namna ya kumringishia Mizani.

Yakaja vidoti. Kesho yake vidoti. Panya wa maji waliendelea na mizunguko yao kama kawaida, na wale wa dawa walikuwa wamefunga, kimya, kama duka siku ya msiba.

Nikajilaumu. Nikadhani nimechanganya vizimba. Nikaanza upya na panya wengine, nikamwomba mwenzangu aniandalie vioo bila kuniambia kipi kimetoka wapi, ili macho yangu yasipendelee upande. Vidoti tena. Tulipowapasua baadhi yao, ovari zao zilikuwa zimesinyaa. Figo zilikuwa salama. Ini ndilo lililotuvuta chumba kizima mezani: lilikuwa limevimba, limepauka, kingo zake zimekuwa butu. Nililiweka kwenye mizani, nikaliondoa, nikaliweka tena kama mama na futi yake.

"Hii si dawa ya kupata mtoto," Mizani akasema taratibu. "Hii ni dawa ya kutopata."

"Na wateja wa mama yangu?"

"Hao sijawapima."

Nilitoka nje nikiwa nimefura. Niliona kama amemtukana bibi kaburini. Lakini hasira zangu hazidumu palipo na swali, na hapa palikuwa na swali la kukosesha usingizi. Watoto waliozaliwa kwa dawa ile niliwajua kwa sura. Wengine walipanda basi la wifi kila asubuhi. Vidoti navyo nilikuwa nimeviona kwa macho yangu. Vitu viwili vya kweli vilikuwa vimekaa chumba kimoja na havikutaka kusalimiana.

Nilipotaka kurudia jaribio kwa mara ya tatu, unga ukapungua. Nikaenda kwa mama kuomba mizizi mingine. Nilimkuta amezama kwenye nguo za harusi ya mtu, pini zimejaa mdomoni.

"Njoo kesho," akasema kwa pembe ya mdomo.

Nikaenda kesho. Nguo za harusi. Nikaenda tena. Alikuwa akipachika vifungo. Mizani akaanza kunung'unika kwamba maabara yake sasa inaongozwa na cherehani. Unga ukaisha kabisa, panya wa dawa wakakaa bila dawa, na mimi kwa mazoea tu nikaendelea kuwapima kila asubuhi, maana nisipochungulia hadubini chai yangu hainishuki vizuri.

Asubuhi moja nikaona jani. Nikasogeza kioo, nikaona jingine. Nikachukua panya mwingine, na mwingine. Majani makavu kila mahali, kizimba kizima kimefunguka kwa pamoja kana kwamba walikuwa wamepanga. Nilimwita Mizani kwa sauti ambayo si ya maabara. Tukawawekea madume, wao na panya wa maji. Ulipofika wakati wa kuzaa, waliozaa walikuwa wengi kuliko hata wale wa maji, na Mizani, mtu asiyependa kustaajabu, alivua miwani akaifuta pasipo na vumbi.

"Ovari zikiachwa zipumzike," akasema, "zinaamka zote kwa mpigo."

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mama. Vifungo vilikuwa vimekwisha, akanikaribisha.

"Mama, mteja akimaliza chupa ya dawa, anakaa muda gani kabla hujampa nyingine?"

"Mpaka nipate nafasi. Mikono ninayo miwili. Siwezi kushona na kuchemsha."

"Kwa hiyo unamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Namwambia njoo kesho." Akakata uzi kwa meno. "Wengine wanangoja mpaka wanakata tamaa. Wakija kuchukua nguo zao napitisha futi, kumbe mambo tayari. Mungu hana haraka."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kizazi kizima cha mtaa wetu kilikuwa kimetokana na ucheleweshaji wa mama! Dawa ilifunga, chupa ikaisha, mama akachelewa, miili ikafunguka. Bibi naye alikuwa fundi cherehani. Bila shaka naye alikuwa na kesho zake. Nikamweleza mama yote, majani na vidoti, naye akanisikiliza kwa makini, futi imemning'inia shingoni.

Kisha kicheko kikanikauka. "Na wifi je? Naye unamchelewesha?"

Mama alinitazama kama niliyemvunjia heshima. "Mkwe wangu? Mtoto wa watu nimempokea nyumbani kwangu, nimpimie chupa kama mpita njia? Huyo nilimpa gunia zima la mizizi, achemshe mwenyewe. Likiisha namjazia lingine kabla hajaomba." Akasema hayo kwa fahari, halafu nikaona fahari inamtoka usoni kidogo kidogo. Akakaa. "Gunia," akasema tena.

Wa nje walipewa chupa, wa ndani akapewa gunia. Kwa mapenzi tu. Nilikumbuka lile ini lililopauka kwenye mizani, nikakumbuka mikono ya wifi yenye alama za kucha.

"Mwambie leo," mama akasema. "Mimi ulimi hautanibeba."

Nilimkuta kwenye uwanja wa mabasi ya shule, suruali imekunjwa hadi magotini, anaosha matairi. Nilikuwa nimepanga maneno ya utangulizi njia nzima. Nilipofika yote yakanikimbia.

"Wifi, acha ile dawa."

"Niache nini?"

"Dawa ya bibi. Inafunga kizazi. Nimeona kwa panya, na maini yao yanaharibika."

Alikamua kitambaa polepole mpaka tone la mwisho. "Nilionywa," akasema. "Nikaambiwa wifi ni wifi, hata akikuchekea. Nikawajibu kwamba wangu si wa hivyo. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Wifi..."

"Mama yako ananipa dawa kwa mikono miwili, wewe unakuja kuniambia niache. Unataka kaka yako aoe nani?" Sauti yake, ile inayofika kiti cha nyuma, ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya kunong'ona. "Unajua siku zangu hazijaja? Safari hii zimepita mbali. Nilikuwa nikuambie wewe wa kwanza, kabla hata ya mume wangu. Wewe!"

Nilijua kwa nini hazijaja. Ni vidoti. Roho iliniuma nikatamani ningekuwa sijui. Lakini mimi uchungu wangu hutokea mlango wa hasira, nikampigia kelele katikati ya uwanja, madereva wengine wakageuka. "Basi njoo uone mwenyewe! Njoo uangalie kwa macho yako. Usipoona kitu, sitakuambia neno tena mpaka nife!"

"Nitakuja," akasema. "Ili unyamaze."

Alikuja kesho yake, na kwa wifi kesho ni kesho. Aliegesha basi la shule mbele ya maabara, akaziba magari ya wakubwa wawili, akaingia na chupa yake ya chai mkononi. Sikumweleza lolote. Nilimkalisha kwenye hadubini, nikamwekea vioo vitatu kimoja baada ya kingine, nikamwambia aseme anachokiona.

Cha kwanza alikitazama sana. "Majani. Majani makavu."

Cha pili. "Hapa mtu kamwaga ufuta."

Cha tatu. "Majani tena. Mengi zaidi."

"Wa kwanza amekunywa maji," nikamwambia. "Majani maana yake yuko tayari kupata mimba. Wa pili alikuwa akinywa dawa ya bibi kila siku, hapumziki; kioo chake nilikihifadhi kabla unga haujaisha. Vidoti maana yake amefunga."

Hakuinua jicho kwenye hadubini. "Na wa tatu?"

"Wa tatu alikuwa kama wa pili. Tukachelewa kumpa."

Nikampeleka kwenye kizimba cha mwisho, alikokuwa jike mmoja wa wale waliopumzishwa, amezungukwa na vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vinasukumana kwenye maziwa. Wifi aliinama akavitazama muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza injini yenye kasoro, na ghafla akaisikia.

"Nani aliwachelewesha?"

"Mama. Alikuwa na nguo za harusi."

Akacheka kicheko kifupi, kisha mdomo wake ukapinda akalia bila sauti, amejishika kwenye ukingo wa meza. Mizani, ambaye muda wote alikuwa akijifanya anasafisha mizani, akasogeza kiti akakiacha karibu naye.

"Na maini yao?" aliuliza alipotulia.

Ningeweza kumdanganya. "Ya wengi yamerudi karibu na kawaida baada ya kupumzishwa. La mmoja halikurudi."

"Huyo mmoja alikosa nini?"

"Sijui. Bado natafuta."

Akaitazama chupa yake. "Kila siku nikishawashusha watoto wa watu, nakunywa hii. Ni chungu, naimeza, najiambia leo nimefanya kitu kwa ajili ya wangu." Akafungua kifuniko, akafunga tena. "Nikiacha, wifi, nitakuwa nafanya nini?"

Kisha akaniwekea chupa mkononi akasimama. "Twende hospitali sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo." Tukaenda na basi tupu, mimi nimekaa kiti cha watoto nyuma yake, magoti yamenigusa kidevu.

Mimba haikuwepo. Daktari alisema ini limeelemewa; aache dawa hiyo na nyingine yoyote asiyoandikiwa, na arudi kupimwa damu mara kwa mara. Jioni wifi alilibeba gunia begani mwenyewe, akaenda kulitua miguuni mwa mama.

Mama alisimamisha cherehani. "Nilikupa kwa sababu wewe ni wangu," akasema.

"Najua, mama."

"Ningekuona mtu baki, ungekuwa..." Wifi akachuchumaa akamshika mikono, wakakaa hivyo, na mimi nikajishughulisha kuokota pini zilizoanguka chini.

Tangu siku hiyo mama hakumchemshia mtu tena. Waliokuja kuomba chupa aliwaambia dawa imekamatwa na yule bwana wa mizani mpaka ijulikane inafanya nini kwenye maini ya watu. Gunia lililetwa maabara, na bado tunalihoji. Kisha mama akatoa kitambaa chake mwenyewe, cha kijani, alichokuwa amekificha kabatini kwa siku ya maana, akampima wifi kwa ajili ya gauni. Hakusema ni la nini. Alisema tu, "Njoo kesho."

Kesho zikapita nyingi. Kwenye chupa kando ya gia sasa mlikuwa na chai kweli, na wifi alilalamika kwamba haina ukali, ni kama kunywa maji ya kuoshea vikombe. Kila tulipokutana aliniuliza panya wameamkaje, nami nikamwambia. Siku zake zilirudi, kwanza kwa kubahatisha, baadaye kwa mpango. Majibu ya damu yakaanza kuwa mazuri, mikono ikaacha kuwasha, chakula kikaanza kumwingia. Kaka akawa analalamika kwamba jikoni hakibaki kitu.

Gauni likabaki vipande. Wifi alimtania mama kwamba atazikwa nalo likiwa na pini.

Alasiri moja nilipitia kwa mama nikawakuta. Wifi alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha kama anayeongoza magari, vipande vya kijani vimeshikizwa mwilini mwake. Kiunoni havikukutana.

"Nimenenepa, mama," akasema. "Siku hizi nakula kama mchwa."

Mama alizungusha futi kiunoni mwake. Akanyamaza. Akaizungusha tena, taratibu zaidi, na mimi nikasimama palepale mlangoni, kwa sababu nimekulia chini ya meza ile ya cherehani na kunyamaza huko nakujua. Mama akaikunja futi, akaiweka mfukoni. Akaanza kutoa pini moja moja.

"Gauni hili," akasema, "kesho halitakuwa tayari."

"Leo ndiyo umeanza kusema kweli?"

"Nitalimaliza ukishajifungua."

Wifi alibaki na mikono yake hewani. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, macho makavu, ameogopa kuamini, kama siku ile mbele ya kizimba.

"Wifi," akaniuliza, "na wewe unasemaje?"

"Futi ya mama haijawahi kukosea," nikamwambia, nikaanza kulia kabla yake.